Ratili Tatu za Gunia

Kitu cha kwanza ambacho Ketrina alikiona kwenye ile kadi hakikuwa jina wala muhuri. Kilikuwa uzi. Uzi mwekundu wa sufu, mfupi kama kope, umenasa kwenye gundi pembeni mwa stempu ya serikali. Alikuwa amechuchumaa akifagia chini ya meza ya baraza la Mlowo, na aliponyanyuka macho yake yakawa sawa na ukingo wa meza. Kadi ilikuwa hapo, mbele ya Sajini Barnaba, na Sajini alikuwa akiisoma kwa mara ya tatu bila kuuona uzi.

Ketrina akaendelea kufagia. Aliacha shule ya misheni akiwa darasa la tatu, mama yake alipougua, na tangu hapo kazi yake ilikuwa kufagia baraza, kuwachotea wazee maji na, akiitwa, kutafsiri. Sajini alikuwa Mnamwanga wa Tunduma, Kinyiha, lugha ya hapo, alikisikia nusunusu, na Bwana DC alikuwa ameagiza kwamba maelezo ya polisi yachukuliwe kwa lugha ya mwenye kuyasema. Maneno ya watu wengine Ketrina aliyatoa bila shida. Ya kwake mwenyewe ndiyo yaliyomshinda.

"Weka ufagio," Sajini alisema. "Unamjua Osea wa Ihanda?"

"Namjua."

"Mpigana ngumi."

"Ndiyo huyo."

"Basi hii ni kadi yake ya leseni. Imetoka Nakonde, ng'ambo ya mpaka, pamoja na barua ya karani wao." Sajini akaifungua barua na kuisoma kwa sauti ya kikazi. "'Jumamosi tarehe saba Agosti, mtu wenu mwenye kadi hii alipimwa kwenye mizani ya hospitali. Uzito ratili mia na thelathini na mbili, sawasawa na kadi. Raundi ya tatu aliangushwa, akahesabiwa mpaka kumi bila kuamka. Wenzake walimbeba wakaondoka kabla hatujamrudishia kadi.'"

Akaikunja barua.

"Sheria ya leseni ni fupi. Mtu akizimishwa ulingoni, hapigani tena mpaka zipite siku ishirini na nane. Leo ni Alhamisi tarehe kumi na mbili. Keshokutwa Osea anatakiwa kupigana Tunduma, na juzi ametia dole gumba kwenye karatasi kwamba hajaangushwa mwaka huu. Ikiwa amesema uongo, Bwana DC anaifuta leseni yake, na ikifutwa hairudi. Lori la barua la kwenda Mbeya linapita saa kumi. Lazima majibu yangu yawe ndani yake."

Ketrina aliegemeza ufagio ukutani. Ukaanguka. Akauokota, akauegemeza tena.

Osea alikuwa tayari nje, ameketi kwenye benchi, magoti yamefika karibu na kidevu kwa urefu wake. Alipoingia, kitu kilichoonekana kwanza ni kidonda juu ya nyusi ya kushoto, kimeanza kukauka.

"Hicho umekipata wapi?" Sajini aliuliza.

Osea akajibu kwa Kinyiha, na Ketrina akatafsiri akiwa ameangalia sakafu. "Anasema nguzo ya kichanja cha kahawa ilimwangukia. Jumamosi."

"Jumamosi ileile! Alikuwa wapi?"

"Anasema Ihanda, nyumbani kwa mama yake. Alikuwa akitengeneza vichanja vya kuanikia kahawa kutwa nzima."

"Nani alimwona?"

"Anasema hakuna. Mama yake alikuwa kwenye msiba Nanyala, na majirani wote walikwenda hukohuko."

Sajini akagonga kadi kwa kidole. "Na hii? Iliota miguu?"

Osea aliitazama kadi kana kwamba ni nyoka aliyemkuta kitandani. Safari hii alisema kwa Kiswahili chake mwenyewe. "Sajini, hiyo iko kwenye kasha langu chini ya kitanda."

"Iko mezani kwangu."

"Basi mtu ameitoa."

"Nani anaingia chumbani kwako?"

"Mama. Na mchumba wangu Ferista, akija kumsaidia mama. Basi."

Kalamu ya Ketrina, aliyopewa atie namba kwenye kurasa, ilichora mstari mrefu usio na kazi. Akaupangusa kwa kidole ukazidi kuchafuka.

Kadi za miaka ile hazikuwa na picha. Zilikuwa na jina, kijiji, uzito na muhuri, na uzito ulipimwa kwenye ghala la kahawa la hapohapo Mlowo, kwa sababu hapakuwa na mizani nyingine ya kumbeba mtu mzima tangu Nanyala mpaka Ihanda. Mpimaji alikuwa Boazi, karani wa mizani. Sajini alimchukua Osea, akamwita na Ketrina, wakaenda kwa miguu, Sajini akiikokota baiskeli yake.

"Ketrina kakamatwa!" mwanamke mmoja muuza ndizi alipiga kelele. "Ameiba nini, Afande? Maneno? Maana hana hata moja!"

Watu wakacheka. Ketrina akavuta kitenge mpaka puani.

Boazi alikuwa kijana nadhifu mwenye penseli sikioni, na aliposikia jina la Osea alikunja uso kabla hajaulizwa lolote.

"Kadi hii uliiandika wewe?" Sajini alisema.

"Niliandika uzito. Mengine si yangu."

"Baada ya kuandika, kadi ilikaa kwako siku ngapi?"

"Mbili. Kisha nikampa mwenyewe mkononi." Boazi alimwonyesha Osea kwa kidevu. "Kama ameipoteza, asije kunibebesha. Ameshazoea kuchukua vya watu."

"Vipi?"

"Kwa Ferista nilipeleka posa mimi kwanza. Nikarudishiwa kikapu changu kitupu, kwa sababu mimi sipigi watu. Mimi napima kahawa."

Sajini alinusa kitu hapo, na Ketrina aliona alivyosogea. Mtu mwenye kinyongo, aliyekaa na kadi siku mbili, na anayejua kuandika. Sajini alimhoji kwa muda mrefu: Jumamosi alikuwa wapi, nani alikuwa naye, Nakonde amewahi kufika? Boazi akafungua daftari la mapokezi. Jumamosi ile alikuwa amepima magunia mia moja na kumi na nne, kuanzia saa moja asubuhi mpaka giza, na kila mkulima ametia dole gumba. Njia hiyo ikafungwa.

"Sawa," Sajini alisema, ameudhika. "Mpime Osea tena. Nione."

Osea alivua viatu na shati, akapanda. Boazi akasukuma kipimo kwenye mkono wa mizani, kikatulia, akachomoa penseli sikioni akaandika.

"Umeandika ngapi?"

"Mia na thelathini na mbili. Ileile."

"Mizani inasema ngapi?"

"Mia na..." Boazi akainama. Akasimama. Akainama tena. "Mia na thelathini na tano."

"Tatu zimekwenda wapi?"

Boazi aliitazama penseli kana kwamba ndiyo iliyokosa. "Gunia," alisema polepole. "Ratili mbili za gunia na moja ya unyevu. Natoa kichwani, Sajini. Kila mzigo ukipanda natoa tatu, ndiyo taratibu ya ghala. Mkono umezoea. Mungu wangu, nimemtolea gunia mtu asiye na gunia!"

Osea akacheka kicheko cha kwanza siku ile. "Na mimi nikajiona nimepungua."

Sajini hakucheka. Alitoa barua ya Nakonde, akaisoma tena mstari mmoja, akaanza kutembea baina ya marundo ya kahawa.

"Sikilizeni. Kadi inasema mia na thelathini na mbili, lakini kadi imekosea. Osea mwenyewe ni mia na thelathini na tano. Angekwenda Nakonde, mizani ya hospitali, ambayo haijui gunia, ingemkataa au ingeandika tofauti. Mtu aliyekwenda kule alitoka sawasawa na kadi, hakuzidi, hakupungua. Nani atatoka sawasawa na namba ya uongo?" Akasimama. "Mtu aliyeisoma namba hiyo na kujikondesha mpaka akaifikia."

Boazi akapiga paja lake. "Fanueli!"

"Fanueli gani?"

"Bingwa wa zamani, Sajini. Yule aliyeingiwa na ukungu kwenye jicho la kulia, daktari akamfutia leseni mwaka juzi. Mwezi uliopita alikuwa anakuja hapa kila asubuhi kujipima, anasoma mwenyewe, hataki niandike. Nikamuuliza, unajipima nini na wewe si mpiganaji tena? Akasema daktari kamwambia apungue. Alikuwa hanywi hata maji, midomo imepasuka."

"Yuko wapi sasa?"

"Sijamwona tangu Ijumaa iliyopita. Wanasema amepitiliza mpaka kwenye migodi ya ng'ambo."

Wakatoka. Baada ya mwendo wa hatua hamsini, Ketrina akasimama katikati ya njia.

"Sajini."

"Nini?"

"Kwenye kadi kuna uzi."

Sajini aliitoa kadi mfukoni, akaigeuza juani, akaona. "Umeuona lini?"

"Asubuhi."

"Asubuhi! Na umekaa nao mpaka saa sita?"

"Hukuniuliza," Ketrina alisema, na masikio yake yakapata moto.

Sajini aliirudisha kadi mfukoni. "Haya. Nakuuliza sasa. Nani Mlowo hii anafuma kwa sufu nyekundu?"

Ketrina alimtazama Osea, ambaye alikuwa amebaki nyuma akifunga kamba za viatu. Kisha akaonyesha kwa mkono nyumba yenye bati jipya nyuma ya kanisa.

Ferista alikuwa barazani kwao, sindano ya kufumia mkononi, na kitambaa chekundu cha kiti kimemlalia magotini. Alikuwa msichana mzuri na alikuwa akijua. Osea aliambiwa asubiri barabarani. Ferista alimwangalia Sajini, kisha Ketrina, akasema jambo kwa Kinyiha, haraka.

"Anasemaje?" Sajini aliuliza.

"Anauliza kama nimeletwa kutafsiri, au nimekuja kuangalia nyumba nijue siku ya harusi nitaketi wapi."

"Mwambie ajibu maswali."

Ferista akasema tena, kwa tabasamu.

"Anasema mimi nina macho ya mwizi wa mayai," Ketrina alitafsiri kwa sauti ileile isiyopanda wala kushuka. "Anasema ameniona kanisani ninavyomtazama mtu wake. Anasema nikamtafute wangu."

Sajini alikohoa. Akaiweka kadi juu ya kitambaa, akaulaza ule uzi mfupi kando ya mwenzake mrefu. Rangi ilikuwa moja na unene ulikuwa mmoja. Ferista aliutazama muda wa kutosha kwa kuku kuvuka uwanja. Sindano ikasimama.

Alipoanza kusema, alisema mfululizo, na Ketrina alilazimika kumkimbiza.

"Anasema, nenda Tunduma siku ya ngumi ukaone. Wanawake wa ng'ambo wanamrushia vitambaa vyao. Wanaita, Osea wetu, Osea wetu. Wetu! Anasema, mimi nimemfumia vitambaa sita vya viti na hata kimoja hajakikalia, kila mara yuko kwenye mazoezi au ulingoni. Leseni ndiyo mke wake. Nikasema leseni hii nitaiua."

"Akampa Fanueli," Sajini alisema.

"Anasema Fanueli ndiye aliyekuja kwake. Akamwambia, nipe kadi ya Osea siku moja tu. Nikianguka, jina litakaloanguka ni lake, naye akitia dole gumba kwamba hajaangushwa watamfutia, atakaa nyumbani kwako. Nikishinda, basi angalau nitasikia tena watu wakipiga kelele, hata kama kelele zenyewe ni za jina la mwingine. Alimwonyesha namba ya uzito mwezi uliopita, kisha kadi akaificha kwenye mkoba wa nyuzi. Akampelekea Jumamosi alfajiri njia panda."

"Mwulize kama alijua Osea angefutiwa leseni maisha."

Ketrina aliuliza. Ferista alijibu neno moja, kisha akaanza kulia, kwa hasira zaidi kuliko huzuni.

"Anasema alijua."

Kidau cha wino kikafunguliwa. Ferista akatia dole gumba, akaangalia doa jeusi kwenye kidole, akaangalia Ketrina. Safari hii alitumia Kiswahili.

"Umefurahi sasa?"

Ketrina akafunga kidau.

Saa tisa walikuwa wamerudi barazani. Osea alisimuliwa yote, naye alikaa kwenye benchi ameshika kichwa. Ferista, aliyeamriwa kufuata, alisimama mlangoni akiwa amempa mgongo. Boazi alikuwa amekuja na daftari lake chini ya kwapa, bila kuitwa, kwa sababu hakuweza kukaa mbali.

Sajini alikuwa ameandika kurasa nne. Alizisoma, akaweka kalamu, akasugua macho.

"Haitoshi," alisema.

"Haitoshi vipi?" Boazi alishtuka. "Mizani si imesema?"

"Mizani ya kahawa. Bwana DC atasema mtu huongezeka ratili tatu kwa ugali wa siku mbili. Uzi? Atasema mchumba ameshika kadi ya mchumba wake, ajabu iko wapi? Na maelezo ya Ferista ndiyo mabaya kuliko yote. Atasema, msichana anajitwika kosa ili kumwokoa mume mtarajiwa, na huyo Fanueli wanayemtaja hayupo hata wa kuulizwa. Ningekuwa mimi Bwana DC, ningesema hivyohivyo." Akamgeukia Osea. "Nataka mtu mmoja. Asiye ndugu yako, asiye mchumba wako. Aliyekuona Ihanda Jumamosi wakati mtu mwenye jina lako anahesabiwa Nakonde. Mmoja tu. Bila huyo, leseni imekwenda."

"Nimeshakuambia, Sajini. Hakuna."

"Fikiri."

"Nifikiri nini? Kijiji chote kilikuwa msibani!"

Kutoka upande wa Tunduma ulisikika mngurumo wa lori likipanda mlima, bado mbali. Sajini akachukua bahasha.

Ketrina alikuwa akizifunga kurasa kwa kamba. Alifunga fundo, akalifungua, akalifunga tena.

"Yupo," alisema.

Hakuna aliyemsikia ila Sajini.

"Umesema?"

"Yupo mtu aliyemwona."

"Nani?"

Kamba ilikuwa imemkaza kidole mpaka ncha yake ikawa nyeupe. "Shamba la baba yangu mdogo liko juu ya nyumba yao, pale Ihanda. Mahindi yamevunwa, mabua bado yamesimama. Mtu akikaa ndani ya mabua haonekani, naye anaona uwanja wote."

"Uliona nini?"

"Alitengeneza vichanja vitatu. Nguzo ilimpiga wakati wa adhuhuri, akaosha damu kwa maji ya mtungi. Akala viazi vya baridi." Aliizungusha kamba tena. "Kuku mweusi akawa anaingia kwenye kahawa. Akamfukuza mara tatu. Mara ya nne akavua mkanda wa suruali, akamfunga kuku mguu kwenye nguzo. Basi mpaka jioni akawa anafanya kazi kwa mkono mmoja, mwingine umeshika suruali."

Boazi akapasuka kicheko, akajiziba mdomo kwa daftari.

Osea alikuwa amesimama, macho yamemtoka. "Hilo nani kakwambia? Sajini, hilo sijamwambia mtu! Hata mama sijamwambia!"

"Kaa chini," Sajini alisema, lakini kalamu ilikuwa imeshaanza kukimbia. "Ulikuwa pale toka saa ngapi mpaka saa ngapi?"

"Toka saa mbili asubuhi. Mpaka alipofunika kahawa kwa mikeka na kuingia ndani, jua limezama."

"Kutwa."

"Kutwa."

"Ketrina, nisikilize. Bwana DC ataniuliza jambo moja kabla ya mengine yote, na nisipoliandika ataitupa karatasi hii. Msichana amekaa kwenye mabua ya mahindi kutwa nzima, hana jembe, hana kikapu, anamtazama mtu akifunga fito. Kwa nini?"

Ferista alikuwa amegeuka mlangoni. Mngurumo wa lori ulipita dukani kwa Wahindi, ukafika kwenye mlingoti wa bendera ya baraza, ukapungua.

"Unaweza kukataa kujibu," Sajini alisema kwa sauti ya chini.

Ketrina aliiachia kamba. Alimtazama Osea, na kwa kuwa hakuwahi kumtazama akiwa naye anamtazama, ilimchukua muda. Halafu akamtazama Ferista, na huko ndiko alikoyaelekeza maneno yake, kwa Kiswahili, ili pasiwe na haja ya mtu kumtafsiria.

"Nakwenda kila Jumamosi. Tangu hujamjua wewe. Siku ile nilikuwa nakusubiri wewe, Ferista. Niliambiwa unampelekea uji, nikataka nione ukimpa kikombe unakaa au unaondoka, na ukikaa, unakaa karibu kiasi gani. Nikasubiri. Hukuja asubuhi, hukuja mchana. Kila saa ilivyopita bila wewe kuja, nilifurahi. Ndiyo maana nilikaa mpaka jioni. Nampenda, Sajini. Andika."